Injini Ipoe Kwanza

Mama mkubwa amefua mashuka ya hospitali miaka nenda miaka rudi, na sasa amechoka mpaka sauti. Tangu Baba mkubwa apooze upande mmoja, kumpeleka kliniki ni vita. Teksi zikiona kiti cha magurudumu zinakanyaga mafuta. Ndiyo maana wanatafuta gari lao, kuukuu tu, mradi litembee. Akiba waliyonayo ni ya gari moja. Wakiuziwa bovu, habari ya kliniki imeishia hapo.

Mimi huitwa kwa sababu nina leseni. Kila Jumamosi tunazunguka kwenye yadi za magari, na kila Jumamosi narudi na hasira. Tumeonyeshwa gari lililopakwa rangi juu ya kutu, na jingine linalodai halijatembea sana wakati pedali zake zimelika mpaka chuma. Muuzaji akianza kuapa ndipo mimi naanza kutafuta geti.

Jumamosi iliyopita tulikuta jeupe, safi, lenye mlango mpana wa kuteleza. Mama mkubwa akapima kwa macho mahali pa kuweka kiti cha mumewe. Kisha akagusa boneti.

"Limetoka wapi?"

"Halijatoka, mama," dalali akajibu. "Limelala hapa tangu juzi."

"Mbona lina moto?"

"Jua hilo, mama."

Jua lenyewe hatukuwa tumeliona tangu asubuhi. Injini iliyochoka huwa wanaipasha moto kabla mteja hajafika, ili iwake bila kuleta aibu. Mama mkubwa akavuta tairi bovu, akalikalia.

"Basi nasubiri ipoe, mwanangu."

Dalali akaenda pembeni kupiga simu. Punde akaingia bwana mmoja mbiombio, eti analitaka gari hilohilo, leo leo.

"Lichukue tu, baba," Mama mkubwa akamwambia. "Lipa uondoke nalo. Mimi sina haraka."

Yule bwana akamtazama dalali. Akafungua milango, akaifunga, akalizunguka gari weee, mwishowe akasema anakwenda kula mara moja. Mpaka leo anakula. Mimi nilicheka. Mama mkubwa hakuwa na nguvu za kucheka. Alisinzia palepale juu ya tairi.

Boneti ilipopoa, nikawasha. Gari likakohoa, likagoma, na lilipokubali likatapika moshi mpaka watu wa duka la jirani wakafunga madirisha.

"Asante, mwanangu," Mama mkubwa alimwambia dalali kwa adabu zote. Iliniuma kuliko kama angemtukana.

Nyumbani tulimkuta Baba mkubwa kibarazani, amevaa shati la kutokea na viatu. Sijui alifungaje zile kamba kwa mkono mmoja.

"Liko wapi?" akauliza.

"Bado, mzee wangu."

Mama mkubwa akapiga magoti, akaanza kumfungua kamba za viatu.

"Lilikuwa na mlango mpana," akasema. "Kiti chako kingeingia."