Kuingoja Jeli

Mdogo wangu alipoota uvimbe kwenye titi, daktari wa Nachingwea alimweleza waziwazi: ni saratani, inaonekana haijasambaa, upasuaji ufanyike mapema, kisha dawa za dripu. Akaitikia "sawa" kwa adabu zote, akapanda gari kurudi kwake Mbekenyera. Huko akajichimbia. Msimu wa kupuliza mikorosho salfa, unga wa kuzuia ukungu wa ubwiriunga, ulikuwa umeanza.

Mambo yakaharibikia kwenye simu. Binti yangu anasomea famasia Dar. Alimpigia mama yake mdogo kumpa moyo, akamsimulia jeli ambayo watafiti wanahangaika nayo: laini, karibu yote maji, ndani wamefungia dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Inachomwa kando ya uvimbe, inakaa palepale, inaachia dawa kidogo kidogo mpaka kinga iitambue saratani na kuishambulia. Hata chanjo wanazijaribu humo, ili sindano moja ifanye kazi ya kadhaa. Akamwambia pia kwamba bado ni utafiti, hapa kwetu haipo. Hilo la mwisho mdogo wangu hakulitaka.

Nikamfuata kwa bodaboda, nimejaa vumbi na hasira. Nilimkuta uani anapepeta ufuta.

"Dada, hiyo dawa nimeielewa," akaanza hata sijakaa. "Salfa si tunapuliza alfajiri? Majani yana umande, unga unashika. Ukichelewa, upepo unaibeba yote, anafaidi jirani. Hizo dripu zenu zinazunguka mwili mzima, ndiyo salfa ya mchana hiyo. Jeli ndiyo umande. Naingoja."

Loh! Mfano ulikuwa mzuri, na ndio ulionipandisha mori.

"Na ubwiriunga ukishaingia kwenye maua," nikamuuliza, "unangoja salfa ya mwakani?"

"Si wamesema inakuja?"

"Inakuja lini? Ikifika wewe haupo, tukaipake kaburini?"

Lilishatoka. Ungo ukatulia mikononi mwake. Mgonjwa hatajiwi kaburi, tena na dada yake mkubwa. Nikangoja anifukuze.

"Dada," akasema taratibu, "mimi hiyo jeli naijulia wapi? Naogopa kukatwa titi."

Kumbe! Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya daktari na ya binti yangu, na hakuna hata moja lililofaa hapo. Nikakaa mkekani. Nikamwambia kwamba hata mimi naogopa, kwamba tangu daktari aseme sijapata usingizi wa maana. Nikaanza kulia, mimi niliyekuja kugomba, na yeye ndiye akanifuta machozi kwa ncha ya khanga yake yenye vumbi la ufuta.

"Sasa tufanyeje?" akauliza.

"Tukaogopee hospitali," nikasema. "Wote wawili."

Akamimina ufuta kwenye ndoo, akaufunika, akaingia ndani kubadilisha nguo.