Ng'ombe wa Maziwa na Mji Mkongwe wa Uhispania

Mume wangu ni mhudumu wa hoteli huko Uhispania, katika mji mmoja wa pwani. Mimi niko hapa nje ya mji wa Kakamega, kwa wazazi wake, na mtoto aliyeacha kunyonya juzi na ng'ombe mmoja anayempa maziwa.

Jumapili moja alitutumia video ya mtaa anakokaa, ule wa zamani. Vichochoro vya mawe ambamo hata mkokoteni haupiti. Kuta nyeupe zimebambuka, nguo zimeanikwa madirishani juu ya vichwa vya watu, maua yamepandwa kwenye mikebe. Akajisifu kwamba chumba anacholala kilijengwa na babu wa babu wa mwenye nyumba.

Mama mkwe akaniambia nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha.

"Wanapandanga kwa mikebe," akasema. "Shamba hakuna. Uuuwi, mtoto wangu!"

Baba mkwe yeye alikwama kwenye habari ya chumba. Kwetu kijana akishatahiriwa halali tena nyumbani mwa baba yake. Anajenga yake, hata ya matope. Na nyumba ya marehemu huachwa ianguke yenyewe. Sasa huyu, mwanamume mwenye ndevu, analala katika nyumba ya marehemu, tena marehemu wa watu wengine.

"Huko wanaume hawajenganga?" akauliza.

Nikasema wageni wanalipa vizuri sana kulala humo. Sikumwambia yeye. Mke wa mwana hasemezani na baba mkwe, kwa hivyo nilimwambia mama mkwe, naye akamwambia mumewe, ambaye alikuwa ameketi hapo hapo na masikio yake mawili.

"Mwambie," baba mkwe akamwagiza mkewe, "hakuna mtu anaweza lipa alale kwa nyumba haina mabati."

Nikaambiwa. Kisha nikaambiwa ng'ombe atauzwa, kijana apate nauli, arudi ajenge.

Mnunuzi alipokuja, nilimpigia mume wangu simu ya video, nikaiweka juu ya stuli katikati ya uwanja. Akatokea yuko ufuoni, kifua wazi, miwani ya jua usoni, soda ya barafu mkononi. Nyuma yake bahari ya buluu, na watu wazima wamelala mchangani mchana kweupe, karibu uchi.

"Hata nguo hawana," mama mkwe akanong'ona.

Mnunuzi aliinama akatazama vizuri. "Huyu ndiye ameshindwa na maisha? Mbona amenona?"

"Baba mtoto," nikasema, "wanauza ng'ombe ndio wakuokoe. Mtoto wako ndiye anakunywa hayo maziwa. Sema, auzwe?"

Alivua miwani. Akaivaa tena.

"Eh, sasa mama mtoto, kama wazee wameamua, mimi ni nani? Watume tu hiyo pesa."

Mnunuzi tayari alikuwa amefungua kamba. Baba mkwe akasimama, akamnyang'anya. Akaja mpaka pale nilipokuwa, karibu kuliko mkwe anavyoruhusiwa, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akanitazama mimi.

"Shika kamba," akaniambia. "Huyo alale huko huko."

Nikashika. Mnunuzi akasema basi apewe angalau chai, ametoka mbali. Nikampikia. Ya rangi.