Karatasi Zisizoandikwa Kitu

Bi Nadra wa Mkunazini ni daktari, lakini si wa sindano, wa vitabu. Miaka ishirini na sita kawafundisha walimu chuoni namna ya kumsomesha kiziwi na kipofu darasa moja na wenzao. Ukiuliza wanafunzi wake wako wapi, utaambiwa Unguja nzima. Ukiuliza wanafanya nini huko waliko, hapo watu hutazamana.

Aliyempenda zaidi ni Talib. Mwaka juzi Talib alipangiwa skuli moja ya shamba, na huko kulikuwa na msichana kipofu, Radhiya, kichwa chake chepesi kwa masomo. Kitabu cha sayansi cha nukta nundu, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole, hakikuwepo. Bi Nadra akakitengeneza mwenyewe. Miezi saba, kila baada ya alasiri, akigonga mashine mpaka viganja vikamvimba.

"Huyu akiingia sekondari," alimwambia Talib akimkabidhi, "mie nshalipwa."

Basi mwezi mmoja kabla ya kustaafu akapita Mwanakwerekwe, akanunua njugu kwa Mkadam, muuza njugu wa sokoni. Kidole gumba kikapapasa ile karatasi iliyofungiwa, kikazikuta nukta alizozigonga mwenyewe.

"Umezipata wapi karatasi hizi?"

"Za skuli hizo, Bi. Wamesafisha stoo. Nzuri, nzito, tena hazijaandikwa kitu."

Hazijaandikwa kitu! Akazimwaga njugu mkobani, karatasi akaikunja, akaenda moja kwa moja kwa Talib. Alimkuta mlangoni mwa darasa lake, sauti imemkauka kwa kusomesha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kitabu kiko wapi?"

Talib hakukana. Alisema ana watoto mia na kumi, peke yake. Kitabu kililala stoo, na Radhiya alikuwa akikaa tu pembeni, mwaka mzima, mpaka mamake akachoka akamwondosha. Mwalimu mkuu akaamrisha stoo isafishwe. "Nlikuwepo karatasi zikitolewa," alisema. "Nkanyamaza."

Bi Nadra alikuja na matusi mdomoni, akayameza. Alikumbuka mihadhara yake yote, ile aliyoitoa ng'ambo akapigiwa makofi: darasa ndani yake lilikuwa na watoto thelathini na mwalimu msaidizi. La mia na kumi hakulifundisha hata siku moja. Alimtuma kijana wa watu vitani na fimbo ya mchicha, halafu anamuuliza mbona kashindwa. Uchungu ulioje, kulijua hilo umebakiza mwezi.

Akenda kwao Radhiya, akamkuta uani, ungo mapajani, akichambua mchele. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta vijiwe, na haviachi hata kimoja. Mamake alisema mtaa mzima sasa wanamletea mchele wao.

"Radhiya, mwanangu. Mie Bi Nadra."

Msichana akajifuta mikono haraka. Bi Nadra akampa ile karatasi, inanuka njugu, na nukta nyengine zishalala. Radhiya akaiweka juu ya ungo, akaanza kusoma kwa sauti, kwa kujikwaa, kisha kwa kasi. Moyo una vyumba vinne. Damu chafu huingia chumba cha kulia cha juu, ikitoka hapo huenda

Vidole vikafika ukingoni. Akageuza karatasi, akarudi, akapapasa ukingo tena.

"Ukurasa wa pili uko wapi, mwalimu?"

"Ntakuletea, inshallah," alisema Bi Nadra.

Radhiya akatikisa kichwa. Inshallah ya namna ile anaijua. Akamrudishia karatasi yake, akauvuta ungo karibu.