Firigisi ya Bata Maji

Mimi ni mwalimu wa kemia, na hilo ndilo linalonizidishia aibu. Fundi seremala angeweza kusema hakujua. Mimi nimesimama mbele ya ubao miaka mingi nikiwaambia watoto wa watu kwamba risasi, yale madini mazito ya kijivu, ni sumu, na kwamba akili ya mtoto ndiyo inayoumia kwanza. Halafu Jumamosi nachukua shotgani aliyoniachia marehemu baba, naenda kwenye mashamba ya mpunga kando ya ziwa kuwinda bata maji kwa kibali. Marisau, vile vipunje vinavyotawanyika bunduki ikilia, ni risasi tupu.

Nyumbani kwetu Kiseke, siku ya bata maji ilikuwa kama sikukuu. Kwa desturi tuliyokulia, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto akiigusa ni kesi. Mimi nikajifanya wa kisasa. Tangu binti yangu akiwa na miaka minne firigisi nilimpa yeye, tena mbele ya wageni, nikitamba kwamba kwangu mtoto wa kike ndiye mkubwa. Na aliyeuma kipunje cha marisau kwenye nyama alisamehewa kuosha vyombo siku hiyo. Binti yangu alisamehewa mara nyingi kuliko wote, na tulicheka sana.

Mwaka jana tuliitwa mkutanoni, sisi wenye vibali vya kuwinda ndege, kwenye ukumbi mmoja pale Buzuruga. Hoja ilikuwa moja: tuache marisau ya risasi, tutumie ya chuma. Dada mmoja, daktari wa mifugo, rika la wanafunzi wangu wa zamani, alieleza taratibu. Marisau yaliyokosa ndege yanabaki kwenye tope. Bata wanayameza wakidhani ni changarawe ya kusagia chakula, yanasagika ndani ya firigisi, na sumu inaingia kwenye damu. Bata analegea mabawa, anashindwa kuruka. Furukombe, yule tai wa ziwani, akimla, naye anaugua.

Bata waliolegea nilikuwa nawajua. Wawili nilishawahi kuwakamata kwa mkono, nikamshukuru Mungu kwa kitoweo cha bure, tukala.

Hata hivyo nilisimama kupinga. Nikasema marisau ya chuma Mwanza hayapatikani, yatakwangua mitutu ya bunduki zetu za zamani, na babu zetu walikula nyama hiyo wakazeeka. Kisha nikatia na kemia, kwa sauti ile ya darasani: kipande cha risasi hakiyeyuki ovyo, kinapita tumboni na kutoka kama kilivyoingia. Nilijua nasema nusu ya ukweli. Asidi ya tumboni haihitaji kukiyeyusha chote. Watu wakanipigia makofi, na niliyafurahia.

Yule dada hakukasirika. "Shikamoo, mwalimu," akaanza.

"Marahaba," nikajibu kwa madaha.

"Samahani, nyumbani kwako firigisi anakula nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja akanijibia, "Mwenye nyumba! Kwani nani?"

Lakini dada alikuwa ananitazama mimi. "Eti, mwalimu?"

"Mimi," nikasema. "Nani mwingine?"

"Afadhali," akasema. "Ingekuwa mtoto, ningekuomba umpeleke apimwe damu kesho asubuhi."

Nilirudi nyumbani mshindi. Ningeweza kuacha uwindaji kimya kimya, lakini mke wangu angeuliza kwa nini, na ningelazimika kumweleza nilichokwenda kukitetea. Wiki mbili baadaye nikaleta bata. Binti yangu akasogeza sahani yake kama kawaida. Nikampa. Sentensi hiyo nimeifuta mara nyingi kabla ya kuiacha hapo. Nilimpa nikijua, na mwezi uliofuata nikampa tena.

Alikuwa na miaka tisa. Tumbo lilianza kumuuma mara kwa mara, na hesabu za kuzidisha, alizokuwa akizitaja bila kufikiri, zikaanza kumpotea katikati. Jioni moja alikwama kwenye saba mara sita, akanitazama kwa hofu, kana kwamba kosa ni lake. Hapo ndipo nilipomwambia mke wangu kwamba nyama ya bata huenda ina madhara, nimesikia watu wakisema. Nilisema hivyo hivyo: nimesikia.

Tulimpeleka hospitali, damu ikapimwa. Siku ya majibu tuliketi watatu mbele ya daktari. Akasema risasi imo kwenye damu, tena imezidi. Itapungua tukiacha kumlisha nyama hiyo, lakini kwa yale yaliyokwisha kuguswa kichwani hawezi kutuahidi kitu. Kisha akachukua kalamu. "Mlijua lini kwamba nyama hii ina hatari?"

Binti yangu alidakia, kwa sauti ya kunitetea, "Baba hakujua, daktari. Angejua asingenipa."

Mke wangu akaniwekea mkono begani kunifariji. Daktari akanigeukia, akisubiri.

"Ndiyo," nikasema. "Sikujua."