Vidonge vya Magoti

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja huku Nyanungu, nyuma ya mzee mwenye fimbo aliyejishika tumbo, mkewe kando yake. Muuguzi alimpa shikamoo, akamuuliza amekula nini.

"Nilikunywa mizizi ya magoti. Sasa tumbo linawaka."

"Na vile vidonge vya magoti nilivyokupa, baba?"

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akatazama ukuta.

"Tulimpa ng'ombe wa kulima," akasema mzee. "Alikuwa anachechemea."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Ng'ombe anapewa dawa ya hospitali, wewe unakunywa mizizi?"

Mzee akamjibu taratibu, kama anayemwelewesha mtoto. "Ya hospitali imepimwa, binti yangu. Ile mizizi hatuijui vizuri. Ningempaje ng'ombe?"

"Na anaendeleaje?"

"Analima," akasema mkewe.

Wanaolalamika kwamba wakulima wa huku hawaamini dawa za hospitali hawajakutana na mzee huyu. Alipewa dawa ya tumbo, akaimeza pale pale. Kisha mkewe akasogea dirishani, akauliza kwa sauti ya chini iwapo vile vidonge vya magoti bado vipo. Hakusema ni vya nani, na muuguzi hakuuliza.