Samansi Iliyoliwa na Mbuzi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, upepo wa Ufipa unapuliza mpaka masikio yanauma, nami nimeketi mezani pangu mahakamani Sumbawanga, koti nimelifunga vifungo vyote, najiona mtu. Imenirudia leo kwa sababu yako. Umenipigia simu kunipa habari kwamba umepewa kuwasimamia wapeleka samansi, na sauti yako ilikuwa imejaa furaha. Nami nilifurahi, wallahi nilifurahi. Lakini ulipokata simu, chai yangu ilipoa sijainywa. Kiti hicho nakijua, na kuna watu wawili nimewakumbuka kupita kiasi.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimetoka kozi, kalamu mbili mfukoni. Chini yangu walikuwa wapeleka samansi watatu, na mkubwa wao ni Mzee Apolinari, aliyeanza kubeba samansi kabla mimi sijaota meno. Mzee huyu alinikera, nisikufiche. Ukimpa samansi ya kijiji cha jirani, anarudi kesho yake. Kumbe akifika kwa mtu hatoi karatasi. Anachuchumaa kwanza, anapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana sisi Wafipa, anauliza wazima, anauliza wagonjwa, anauliza ulezi umekubali au umekataa. Akikuta msiba, anakaa msibani. Ndipo anaisoma samansi neno kwa neno, kwa Kiswahili, tena kwa Kifipa, halafu anamwuliza mtu, "Haya, unaitwa wapi, na siku gani?" Mpaka mtu ajibu kwa mdomo wake mwenyewe, ndipo anatoa wino wa dole gumba. Mimi niliona ni uvivu wa kizee. Ujana ni moshi, mwanangu, huwezi kuona vizuri ukiwa ndani yake.

Asubuhi hiyo aliniwekea mezani samansi isiyo na dole gumba. Ilikuwa ya Mama Gaudensia, mjane wa kijiji kimoja njia ya kwenda Chala. Shemeji yake alikuwa amemshtaki, anataka shamba la ulezi ambalo mama yule aliachiwa na marehemu mumewe. Hakuwa na lingine.

"Nimekuta mlango umefungwa," Mzee Apolinari akasema. "Ameteremka Muze, kule bondeni, binti yake kajifungua. Nipe siku tatu nimfuate."

Siku tatu! Kesi ilikuwa inasikilizwa wiki ileile, na mimi nilishajigamba kwa wenzangu kwamba mezani pangu hakuna samansi inayolala. Nikamwambia akaibandike mlangoni, aje aape kwamba imemfikia mwenyewe, yaishe.

Akanitazama kwa utulivu ulioniudhi zaidi. "Bwana mdogo, mlango hauna masikio. Mimi siapi."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

"Nenda. Miguu ni yako, na ulimi ni wako."

Nikapanda pikipiki, vumbi hilo, mpaka kwa Mama Gaudensia. Mlango kweli umefungwa kwa kamba. Jirani yake akatoka, akaniambia yaleyale, mama yuko Muze, na kwamba kesho kuna mtu anateremka huko, kama nina ujumbe niuache. Nisikilize vizuri hapo: niliambiwa niuache ujumbe! Nikamjibu kwamba mambo ya mahakama hayapelekwi kwa salamu. Halafu, kwa kuwa gundi nilikuwa nimeisahau ofisini, nikamwomba yule yule jirani donge la ugali wa jana. Nikalipaka nyuma ya karatasi, nikaibandika, nikaipiga kofi ishike. Nikarudi mjini, nikainua mkono, nikaapa kwamba samansi imemfikia mhusika.

Siku ya kesi Mama Gaudensia hakutokea. Mahakama ikasikiliza upande mmoja, shamba akapewa shemeji.

Alikuja baada ya wiki mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alichuchumaa mbele ya meza yangu, akanipigia makofi ya salamu, mimi niliyelingana na mwanawe wa mwisho. Akasema, "Mwanangu, nimefika nyumbani naambiwa niliitwa nikakaidi. Mimi tangu kuzaliwa sijakataa wito. Mliniita mkiwa wapi, nisisikie?"

Nilimjibu nini? Ah, naona aibu hata leo. Nilimwambia, "Mama, karatasi ilibandikwa mlangoni kwako."

"Sikuiona, mwanangu. Jirani anasema hata pikipiki yako haijapotea kilimani, mbuzi walikuwa wameshaivuta ile karatasi na kuila. Si ilikuwa na ugali?"

Mtu mmoja pale kwenye foleni akacheka. Mama Gaudensia hakucheka. Alikaa nje kwenye benchi mpaka saa za kazi zikaisha, akingoja mtu amwambie afanye nini.

Mzee Apolinari alinifuata nyuma ya jengo, tunapoegesha baiskeli. Hakupandisha sauti, na laiti angenifokea. "Wazee walisema kataa neno, usikatae wito. Yule mama umemnyima hata huo wito, halafu umemwita mkaidi mbele ya hakimu. Tunapobeba samansi, hatubebi karatasi. Tunabeba nafasi ya mtu kusema. Sasa mdomo ulioapa ndio utakaolirudisha shamba lake. Mimi sitakusemea."

Mwanangu, nilimaliza Jumapili tatu bila kusema. Niliogopa kazi, niliogopa jela, niliogopa wenzangu watanicheka na ugali wangu. Kila asubuhi Mzee Apolinari ananipita, ananiuliza neno moja tu, "Umelala?" Sikuwa ninalala. Nilikuwa nikifumba macho naona ule mlango wa kamba.

Jumatatu iliyofuata niligonga kwa hakimu, nikasema yote, mpaka donge la ugali. Akasema ningestahili kulala ndani. Hukumu ikatenguliwa, kesi ikaanza upya, Mama Gaudensia akaja, akasema maneno yake, mashahidi wakasimama, akarudishiwa shamba. Mvua za kwanza zilimkuta analima. Mimi nilivuliwa usimamizi, nikapewa mkoba wa samansi, nikatembea vijiji vya Ufipa nyuma ya Mzee Apolinari mwaka mzima. Ndipo nikajua kuchuchumaa. Nikwambie ukweli? Sijawahi kuwa na mwaka mzuri kama ule. Tunatembea, ananichokoza, "Bwana mdogo, gundi umebeba?" na anacheka mpaka anakohoa. Leo ningetoa chochote nisikie kile kikohozi mbele yangu njiani.

Lakini hapa ndipo penye kidonda chenyewe. Mavuno ya kwanza yalipotoka katika lile shamba, Mama Gaudensia alituma neno kwa Mzee Apolinari: yule kijana aje, tule naye ugali wa ulezi, yaishe. Unajua kwetu, watu waliokoseana wakishakula sahani moja, hakuna anayelifufua tena. Mimi nikasema nitakwenda. Sikwenda. Nilikuwa naona haya kukaa kwenye mkeka wake. Mwaka wa pili akaniita, nikasema kazi zimebana. Wa tatu nikarudishiwa kiti changu, nikawa mkubwa, na wakubwa hawana nafasi. Mzee Apolinari alipostaafu, neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Mama anakuita bado." Nikamwambia, "Nitakwenda, mzee." Akafa yeye. Akafa na mama. Mimi, mwenye kazi ya kuwaita watu, niliitwa kila mwaka nisiitike.

Mwaka jana, na miguu hii inayouma, nilikwenda. Katika ile nyumba sasa anakaa yule binti aliyejifungua Muze, naye ana mvi. Sikujua nianzie wapi, nikachuchumaa nje nikapiga makofi. Akanitazama, akauliza, "Wewe ndiye wa mbuzi?" Nikasema ndiye mimi. Akaingia ndani, akasonga ugali wa ulezi, akauleta na maharage, akaketi, akanawa pamoja nami. Akasema, "Mama alituachia neno. Ukija, hata uje lini, tusikuulize kitu, tukupe chakula." Nilikula huku machozi yananiingia mdomoni, mwanangu, mzee mzima mimi. Ugali ulikuwa wa moto, na aliyeniita hayupo.

Basi shika haya. Siku hizi samansi nyingine mnazituma kwa simu, mnarudishiwa alama kwamba imefika, na imekwisha. Wewe uliza imefika kwa nani. Mtu wako akirudi na karatasi mkononi akakwambia mhusika hayupo, usimkemee. Huenda ndiye mwaminifu peke yake ofisini kwako. Mpe zile siku tatu. Usimwapishe mtu jambo ambalo hakuliona kwa macho yake, na wewe usiliape. Ukikosea, kaseme siku ileile, usimalize Jumapili hata moja. Na yule uliyemkosea akikuita mezani kwake, acha kazi, acha haya, acha ukubwa, nenda angali hai.

Mungu akupe miguu ya Mzee Apolinari na moyo wa Mama Gaudensia. Akujalie kila mlango utakaoubisha uwe na mtu ndani, naye akusikie. Na Jumamosi njoo, mwanangu. Nimekuita.