Ngozi ya Mboloko kwa Ngoma ya Papa

Sema mimi ni mwoga, sema nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Yote mawili nakubali. Lakini usiseme niliota. Ilikuwa mchana, na mikono yangu ilikuwa inanuka majivu.

Papa, baba yangu mzazi, alikuwa amefariki, na ngoma yake, aliyoipiga kanisani maisha yake yote, ilikuwa imepasuka ngozi. Jumamosi tungemaliza matanga. Niliapa kwamba ngoma hiyo hiyo ndiyo itakayomuaga. Nikanunua sokoni ngozi ya mboloko, yule paa mdogo wa msituni, na kazi nikajifunza kwenye video ya simu: loweka katika maji ya majivu hadi manyoya yalegee, tandika juu ya gogo, kwangua kwa kisu butu. Fundi wa video alisema ngozi nzuri haibaki na unyoya hata mmoja. Mimi nikisikia "hata mmoja", silali.

Tonton, mdogo wake papa, alichungulia juu ya ua.

"Injiniere! Ngozi yako inanuka mpaka uwanja wa ndege wa Bangboka. Bon, uache manyoya kidogo pale kwenye shingo."

"Tonton, nusu kazi si kazi."

"Hm! Mutoto ya video." Akaenda zake akicheka.

Nikaendelea kukwangua. Wingu likafunga, kuku wakakimbilia jikoni. Nilikuwa nimebakiza ukanda wa shingo tu, upana wa kiganja, nilipoona miguu mbele yangu. Mwanamke. Lango nilikuwa nimelifunga kwa mnyororo, niamini. Alikuwa amelowa chapachapa, na mvua ilikuwa bado haijadondoka. Hakuwa na nyusi wala kope. Ngozi ya mikono yake ilikuwa ya kijivu, laini, inateleza. Niliijua ngozi hiyo. Nilikuwa nimeishika tangu asubuhi.

"Unatoa yote?" aliuliza. "Na miye, nitavala nini?"

Wewe ungejibu nini? Nilitaka kukimbia, nakiri. Lakini nikafikiri: nikikimbia ataichukua, na papa ataondoka kimya. Nikaikumbatia ile ngozi ikiwa mbichi.

"Mama," nikasema, "siwezi kukurudishia. Papa anaihitaji. Lakini hapa shingoni sigusi tena." Nikatupa kisu.

Akainama, akapitisha vidole kwenye manyoya yaliyobaki, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Mvua ikashuka kwa kishindo, nikafumba macho. Nilipofumbua, nilikuwa peke yangu na gogo langu.

Jumamosi ngoma ililia, na mama yangu akalia nayo. Tonton aliona ukanda wa manyoya ukingoni. Safari hii hakucheka.

"Wazee wetu wanaachaka vile," alisema. "Nyama haiendi uchi." Alimaanisha mnyama mwenyewe.

Nikwambie lisilonitoka moyoni? Manyoya yale yanaota mpaka leo. Yameshavuka ukingo, yananing'inia. Mama anataka niyapunguze kwa mkasi; nakataa. Basi wewe unayejifunza kwa simu kama mimi, kwangua kwa bidii, usichoke. Ila ukifika shingoni, simama, hata kama ubaya wake unakuchoma macho.